Kuzalisha Fab kwenye E. coli: punguza mwendo

Somo hili ni kwa wanaozalisha Fab, kipande cha kingamwili, ndani ya bakteria E. coli: plazimidi yao (duara la DNA linalobeba jeni) iko sawa, alama ya pelB, ile inayoelekeza protini nje ya utando wa ndani, imekaa mbele ya kila mnyororo, na bado mwisho wa kazi wanaambulia protini ya kulamba tu. Mara nyingi kosa si la jeni. Ni pupa.

Fab ina uzito wa kama kilodaltoni 50: mnyororo mwepesi na sehemu ya mnyororo mzito, vilivyoshikwa kwa vifungo vya salfa. Vifungo hivyo hujengwa kwenye periplazimu, ule uwazi mwembamba kati ya tando mbili za bakteria, kwa kazi ya kimeng'enya DsbA. Ili ufike huko, kila mnyororo unapita kwenye mlango wa Sec, tundu la protini kwenye utando wa ndani, ukiwa haujakunjwa. Mlango ni mwembamba. Ukizidisha uzalishaji, foleni inajaa, protini inagandana mabonge na seli zinaanza kufa. Njia yenyewe imeshathibitika: ranibizumab, dawa ya macho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ni Fab ya E. coli.

Hatua ya 1: Mbegu. Otesha usiku kucha ukiweka glukosi asilimia 1, ili promota ya lac, swichi ya DNA inayowasha jeni lako, ibaki imefungwa. Kwa antibiotiki ya kulinda plazimidi, mimi napenda kanamisini kuliko ampisilini, kwa sababu bakteria wenye kinga huimega ampisilini hadi waliopoteza plazimidi wanapata nafasi ya kutamba.

Hatua ya 2: Tangi. Nyuzi 37, pH kati ya 6.8 na 7.0. Rekebisha kwa maji ya amonia. Yanakupa na naitrojeni humo humo. Oksijeni isishuke chini ya asilimia 30: ongeza kwanza kasi ya pangaboi, kisha hewa.

Hatua ya 3: Kulisha. Hapa ndipo wengi huharibu. Subiri chakula cha mwanzo kiishe. Utajua kwa sababu oksijeni itaruka juu ghafla. Hapo anza kudondosha gliseroli, ambayo haifungi promota kama glukosi. Lisha kwa kipimo cha kuweka kasi ya ukuaji kwenye 0.1 hadi 0.15 kwa saa. Ukiwashibisha kupita kiasi wanatema asetati, nayo inawadumaza wao wenyewe. Una wasiwasi? Simamisha pampu kidogo. Oksijeni ikiruka mara moja, wana njaa, endelea. Ikichelewa, kuna chakula kimelundikana, punguza.

Hatua ya 4: Kuwasha jeni. Shusha joto hadi nyuzi 25 au 28 kwanza, ndipo uweke IPTG, kemikali inayofungua promota ya lac. Milimola 1 ni mazoea ya watu tu. Anza na 0.05 au 0.1. Chukua sampuli kila saa mbili, upime Fab kwenye seli na kwenye mchuzi (maji ya kuoteshea), kote kuwili.

Hatua ya 5: Kuvuna. Loweka seli kwenye sukrosi asilimia 20 yenye Trisi (ya kutuliza pH) na EDTA (inayonasa ayoni za metali), juu ya barafu, kisha sentrifuji. Fab inabaki kwenye maji ya juu.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Sisi hatuna tangi, tuna flaski tu.

Marahaba. Usijaze zaidi ya moja ya tano ya flaski, na tafuta zenye mikunjo pembeni ili hewa iingie. Nyuzi 25, IPTG 0.1. Mavuno yatakuwa madogo, ila ya kupimia yatatosha.

Kaka, Fab yangu nyingi iko kwenye mchuzi, si kwenye seli. Nimekosea wapi?

Utando wa nje unavuja. Ukiona mchuzi unanata kama bamia, hiyo ni DNA, seli zimepasuka: shusha joto, vuna mapema. Kama haunati, chuja tu uvune kwenye mchuzi, hujapoteza kitu.

Safu yangu ya nikeli ya kusafishia iligeuka nyeupe nilipopitisha protini, na mkia wa histidini, ule tuliouunga kwenye Fab ili ushike nikeli, haukushika!

EDTA uliyolowekea seli imeng'oa nikeli yote. Pitisha protini kwanza kwenye mfuko wa dayalisisi usiku mzima, EDTA itoke. Au, kama mnyororo wako mwepesi ni wa aina ya kapa, jaribu safu ya protini L, inayoshika mnyororo huo, japo si kila kapa inashika.