Jinsi ya Kuitembelea Avebury kwa Miguu na Kuyaelewa Mawe Yake

Mgeni anayefika Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza, aghalabu hupelekwa Stonehenge, akalipa kiingilio, akayatazama mawe kwa mbali, kisha akarudi garini. Kaskazini mwa hapo, umbali usiozidi kilomita 40, kipo kijiji cha Avebury, ambacho sehemu yake imejengwa ndani ya mduara wa mawe wa kale ulio mkubwa kuliko yote duniani. Kuingia katika mduara huo hakulipiwi, kondoo hulisha katikati ya mawe, na anayetaka kuyagusa huyagusa. John Aubrey, mtafiti Mwingereza wa mambo ya kale, aliyeyakuta mawe hayo mwaka 1649 akiwa katika msafara wa kuwinda, aliandika kwamba Avebury inaizidi Stonehenge kama kanisa kuu linavyolizidi kanisa la kijijini. Mwaka 1986 mahali hapo pawili paliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Asiye na gari apande treni kutoka kituo cha Paddington, London, hadi Swindon, safari ya takriban saa moja, kisha achukue basi liendalo Devizes na kushuka kijijini Avebury. Kabla ya kuondoka Swindon, ahakikishe saa ya basi la mwisho la kurudi, hasa siku ya Jumapili. Msimu nao huamua mengi: mwezi Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku, lakini Desemba giza huanza kuingia saa kumi jioni, na anayeanza matembezi baada ya chakula cha mchana atayamaliza kwa tochi. Viatu viwe vya kuhimili tope, kwa kuwa udongo wa chaki ukilowa huteleza.

Jambo ambalo wageni wengi hulipuuza ni ramani. Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, ya mizani ya 1:25,000, ambayo sentimita 4 zake ni kilomita moja ya ardhini. Njia za umma zimechorwa humo kwa vistari vya kijani, na majina ya mabaki ya kale yameandikwa kwa herufi za mtindo wa zamani, hivi kwamba jicho likishazizoea herufi hizo, huanza kuyaona makaburi na maboma ya kale mahali ambapo macho ya wengine huona malisho matupu. Huko njiani, mshale wa njano kwenye nguzo huonyesha njia ya waenda kwa miguu pekee, na wa buluu huonyesha njia inayoruhusu pia farasi na baiskeli. Nyingi ya njia hizi hukatiza mashamba ya watu, na mpita njia ana haki ya kisheria ya kupita. Ila haki hiyo ni ya njia, si ya shamba. Lango uliache kama ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi, maana huenda mfugaji ameliacha hivyo ili mifugo ifikie maji.

Ushauri wangu ni kutoyaanza mawe ya kijijini, ingawa ndiyo yatakayokuvuta ushukapo basini. Shika njia ya kusini inayofuata kijito cha Kennet hadi Silbury Hill, kilima kilichojengwa kwa mikono ya watu takriban miaka 2400 kabla ya Kristo, chenye urefu wa mita 30 hivi. Usikipande, kwani ni marufuku. Wachimbaji walitoboa mashimo ndani yake mwaka 1776, 1849 na 1968 wakitafuta kaburi ambalo hawakulipata, na mwaka 2000 kilele kikatitia, ikabidi kijazwe upya.

Vuka barabara kuu kwa uangalifu, upande mteremko hadi kaburi refu la West Kennet, lenye urefu wa karibu mita 100 na umri unaomzidi jirani yake Silbury kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ingia ndani. Vipo vyumba vitano vya mawe, na hapo walizikwa watu wasiopungua 36. Tochi itakusaidia, lakini ukisimama kimya kwa dakika chache macho yatazoea.

Kutoka hapo elekea mashariki hadi mahali paitwapo Sanctuary, juu ya Overton Hill, ambapo vigingi vifupi vya saruji vinaonyesha zilikokuwa nguzo na mawe yaliyokwisha kuondolewa. Sasa rudi kijijini kwa kuifuata West Kennet Avenue, safu mbili za mawe ambazo zamani ziliunganisha Sanctuary na mduara. Ukiingia kwa njia hii, utaliona tuta na handaki vinavyouzunguka mduara kama walivyokusudia wajenzi.

Ndani ya mduara, jifunze kutofautisha. Mawe mengi yaliyosimama yalifukiwa katika Zama za Kati, na yakasimamishwa tena miaka ya 1930 na Alexander Keiller, tajiri aliyerithi mali ya biashara ya mamaledi. Penye nguzo fupi ya saruji, jiwe lake limepotea: katika karne ya 18 wanakijiji waliyachoma mawe kwa moto mkali, wakayamwagia maji baridi, wakayapasua kuwa matofali ya nyumba unazoziona. Chini ya jiwe mojawapo, mwaka 1938, yalipatikana mifupa ya mtu wa karne ya 14 aliyekuwa na mkasi na sarafu, ambaye hudhaniwa alikuwa kinyozi na tabibu. Vitu vingi vilivyochimbuliwa vimo katika jumba la makumbusho lenye jina la Keiller, hapo hapo kijijini.

Mzunguko wote ni kati ya kilomita 8 na 10, nao hutosha nusu siku kwa asiye na haraka. Kituo cha basi la kurudi kiko karibu na baa ya Red Lion, ndani ya mduara wenyewe, kwa hiyo hata basi likichelewa, unalisubiri ukiwa bado umezungukwa na mawe.