Bordeaux hadi Toulouse kwa baiskeli, mbali na magari: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ndugu na jamaa wanaokuja Ufaransa kutoka Dar, Mombasa au hata London huniuliza swali moja: naweza kuzunguka mashambani kwa baiskeli bila lori kunipumulia mgongoni? Naam, unaweza, tena kwa siku nyingi mfululizo. Ila usichague safari kwa uzuri wa jina lake. Chunguza kila kipande cha njia ujue kimejengwa juu ya nini. Hapa naeleza ninavyopanga, na mfano wangu ni Bordeaux hadi Toulouse, safari ninayompa kila anayeanza.

Hatua ya 1: Jua tofauti ya voie verte na véloroute

Watu wengi hupotea hapa. Voie verte ni njia iliyofungwa kisheria kwa vyombo vya injini. Utaitambua kwa kibao cha mraba cha buluu chenye picha ya mtu, baiskeli na farasi. Ukikutana na kibao hichohicho kimepigwa mstari mwekundu, njia imeisha na magari yanaanza.

Véloroute ni kitu kingine. Ni safari ndefu iliyowekewa vibao vya mshale vya kijani na nyeupe, lakini humo ndani mna vipande vya voie verte, vichochoro vya vijiji, na pengine barabara ambayo wewe na gari mnaichangia. La Loire à Vélo, yenye kilomita 900 hivi, inapendwa mno na inastahili sifa zake, lakini sehemu kubwa yake hupita kwenye barabara ndogo zenye magari machache. Kama una mtoto nyuma ya baiskeli au hujazoea barabara, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Hatua ya 2: Kwenye ramani, tafuta maji na reli zilizokufa

Garimoshi halipandi mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walichonga vilima na kujaza mabonde mpaka mwinuko ukawa mdogo. Reli ilipofungwa, ule ukanda wa ardhi ulibaki, na ukimwagiwa lami baiskeli inateleza yenyewe. Mifereji ya mashua ndiyo bora zaidi: kandokando yake kulikuwa na njia ya farasi waliokuwa wakivuta mashua, na maji hayana kilima. Unapanda kidogo tu pale penye lango la maji, yaani chumba cha kupandishia na kushushia mashua.

Kwa hiyo fungua ramani ya OpenStreetMap, uchague sura ya CyclOSM, kisha fuata mistari ya njia za baiskeli ukiangalia ipi inaambatana na mfereji au reli ya zamani. Chama cha AF3V kina orodha ya njia hizi nchi nzima, kipande kwa kipande. Ukifanya hivi utaona haraka mahali pazuri pa kuanzia: Givry hadi Cluny kule Burgundy, kilomita 44 juu ya reli ya zamani, iliyofunguliwa mwaka 1997 ikiwa voie verte ya kwanza nchini, kipande cha karibu na Dieppe hadi Forges-les-Eaux kule Normandy, au mfereji wa Nantes hadi Brest, takriban kilomita 360.

Mimi nachagua kusini-magharibi, kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii mpaka wakwame: reli ya Bordeaux hadi Toulouse, inayofanya kazi mpaka leo, inafuatana na mfereji wa Garonne karibu safari yote. La Réole, Marmande, Agen, Moissac, Montauban, kote kuna stesheni. Ukichoka, mvua ikizidi au mtoto akiugua, hauko mbali na treni.

Hatua ya 3: Gawa kilomita kwa moyo mwepesi

Jumla ni karibu kilomita 250. Aliyezoea atamaliza kwa siku 3. Mimi nashauri 5:

Siku ya 1: Bordeaux hadi Sauveterre-de-Guyenne, takriban kilomita 55.
Siku ya 2: Sauveterre hadi Buzet-sur-Baïse, takriban 60.
Siku ya 3: Buzet hadi Valence d'Agen, takriban 55.
Siku ya 4: Valence hadi Montech, chini ya 40, ili upate muda wa Moissac.
Siku ya 5: Montech hadi Toulouse, zaidi kidogo ya 40.

Anzia Bordeaux, usianzie Toulouse. Upepo wa huku mara nyingi hutoka magharibi, basi utakusukuma. Tahadhari ni moja: upande wa Toulouse kuna upepo mwingine uitwao autan, unaovuma kutoka kusini-mashariki na kukupiga usoni. Ukisikia utabiri wa autan, ondoka alfajiri. Mwezi wa 5, wa 6 na wa 9 ndiyo miezi mizuri. Wa 7 na wa 8 joto linaweza kupita nyuzi 35.

Hatua ya 4: Andaa baiskeli

Huhitaji baiskeli ya mashindano. Tairi za upana wa milimita 35 au 40, gia za kawaida, keria imara na mikoba miwili ya pembeni vinatosha. Beba tyubu ya akiba, viraka na solusheni, pampu, spana ndogo na mafuta ya mnyororo. Usijaze mikoba ikatanuka. Sehemu njia inapokatiza barabara huwekwa vizuizi vya chuma vya kuzuia magari, na unapita kwa kujipindapinda katikati yake. Mkoba mpana hunasa, na mkokoteni wa mtoto unaweza kukulazimu kushuka na kuuinua.

Ukikodi baiskeli, uliza mapema kama unaweza kuirudishia mji wa mwisho.

Hatua ya 5: Sheria chache, ila zishike

Ufaransa watu huendesha kulia. Waliozoea Congo, Rwanda na Burundi hawatapata shida. Sisi wa Kenya, Tanzania na Uganda tuwe macho, hasa asubuhi ukitoka kambini na akili bado haijaamka. Kijijini, kwenye njia panda isiyo na kibao, anayetoka kuliani kwako ndiye mwenye haki ya kupita kwanza. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kengele ni lazima. Usiku nje ya mji, vaa kizibao cha kuakisi mwanga. Kuvaa vipokea sauti masikioni ukiendesha kumekatazwa tangu 2015, na tangu 2017 mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae kofia ngumu, hata kama amebebwa tu.

Hatua ya 6: Njia yenyewe

Kutoka stesheni ya Saint-Jean, fuata kingo za mto Garonne hadi daraja la Pont de pierre, ambalo magari binafsi hayaruhusiwi kupita. Vuka, geuka kulia, uupandishe mto hadi Latresne. Hapo ndipo inapoanza njia ya Roger Lapébie, iliyopewa jina la mshindi wa Tour de France ya 1937. Ni reli ya zamani: inapanda polepole katikati ya misitu na mashamba ya mizabibu, inapita Créon, na karibu na La Sauve unaingia kwenye handaki. Washa taa kabla ya kuingia. La Sauve kuna magofu ya abasia ya kale, yaani makao ya watawa, yanastahili nusu saa yako.

Baada ya Sauveterre nakuambia ukweli: kuna takriban kilomita 15 za barabara ndogo zenye vilima kabla ya kuufikia mfereji pale Fontet. Ndicho kipande kirefu cha safari hii ambacho utachangia na magari. Kipite asubuhi ya siku ya pili, mapema.

Ukifika Fontet, vilima vimekwisha. Mfereji wa Garonne ulichimbwa kati ya 1838 na 1856, una kilomita 193 na malango ya maji 53. Simama kwenye lango mojawapo mashua ikipita: inaingia kwenye chumba cha mawe, milango inafungwa nyuma yake, maji yanaongezwa, na baada ya dakika chache imenyanyuka mpaka usawa wa juu, inaendelea na safari. Hapo ndipo pia wewe unapopanda, mita chache tu, kisha bapa tena kwa kilomita kadhaa.

Lami ni nzuri, lakini mizizi ya miti huiinua kutoka chini na kufanya matuta madogo usiyoyaona kwenye kivuli. Punguza mwendo, inua makalio, mikono iwe legevu. Ukingo hauna uzio, basi mtoto aendeshe upande ulio mbali na maji. Na kila njia inapokatiza barabara ya magari, simama kabisa hata kama husikii kitu.

Le Mas d'Agenais, panda kijijini: kanisa la Saint-Vincent lina picha ya Yesu msalabani iliyochorwa na Rembrandt mwaka 1631. Kabla tu ya Agen kuna malango manne yaliyofuatana, halafu mfereji wenyewe unavuka mto juu ya daraja la mawe la urefu wa mita 539. Mashua juu, mto chini! Njia ya pembeni ni nyembamba, shuka usukume. Moissac, ingia kwenye ua wa abasia wenye vichwa 76 vya nguzo vilivyochongwa, uliokamilika mwaka 1100. Montech utaona mtambo wa 1974 uliokuwa ukisukuma mashua pamoja na maji yake juu ya mteremko, badala ya kupita malango matano. Uliacha kazi mwaka 2009.

Hatua ya 7: Maji, chakula, kulala

Mashambani maduka hufungwa mchana, kuanzia saa sita hadi saa nane au zaidi. Jumapili alasiri hupati kitu, na Jumatatu maduka mengi ya mikate hayafunguliwi. Nunua mkate asubuhi, ubebe jibini na matunda. Maji yakiisha, nenda makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye bomba la kumwagilia maua. Ukiona kibao cha "eau non potable", usinywe.

Kulala, tafuta kambi ya manispaa au nyumba ya wageni yenye alama ya "Accueil Vélo". Alama hiyo maana yake mahali hapo hapazidi kilomita 5 kutoka njiani, pana pa kufungia baiskeli salama na vifaa vya matengenezo.

Hatua ya 8: Kufika na kurudi

Mfereji unaishia Toulouse kwenye bwawa la Port de l'Embouchure, ambapo mifereji mitatu inakutana. Shika Canal du Midi kilomita chache, na stesheni ya Matabiau iko ng'ambo ya maji. Treni za mkoa, TER, huchukua baiskeli, lakini nafasi ni chache na kiangazi zinajaa. Za masafa marefu, Intercités, zinataka uweke nafasi ya baiskeli pamoja na tiketi, basi fanya hivyo kabla hujaondoka nyumbani.

Ukiwa bado na nguvu, endelea na Canal du Midi hadi Port-Lauragais, kilomita 50 hivi za lami safi. Baada ya hapo lami inaisha, na kwa tairi nyembamba geuza.