Kusoma Vitabu Safarini kwa Kompyuta Ndogo ya Mtumba

Mwishoni mwa mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC 701, kompyuta mpakato yenye kioo cha inchi 7, hifadhi ya GB 4 na uzito usiofika kilo moja. Nyingine nyingi zilifuata, hasa za inchi 10, na ingawa tableti zimezipiku, zile za mtumba bado hupatikana kwa bei nafuu. Kazi nzito haziziwezi, lakini kwa msomaji aliye njiani zinafaa, mradi aiandae yake kabla ya kufunga mizigo.

Unapokwenda kununua, anza na betri. Mwombe muuzaji achomoe chaja, ongeza mwangaza hadi mwisho, fungua faili lolote, kisha piga naye soga kwa nusu saa. Chaji ikishuka kutoka asilimia 100 hadi 60, ujue kwamba ukiiwasha basi linapotoka Dar es Salaam itazimika kabla hujaiona Chalinze. Uliza pia kama hifadhi yake ni SSD, yaani isiyo na sehemu inayozunguka, au diski inayozunguka, kwa kuwa diski inayozunguka inaweza kuharibika basi linaporuka tuta huku mashine ikifanya kazi.

Vitabu vipakue nyumbani. Chagua EPUB, aina ya faili la vitabu vya kidijitali, kila inapowezekana, kwa sababu maandishi yake hujipanga upya kulingana na upana wa kioo, na unaweza kuyakuza bila mistari kukatika pembeni. PDF hubaki na umbo la karatasi yake. Na ikiwa ni kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mashine yenye RAM ya GB 1 itakuweka ukisubiri kila unapofungua ukurasa. Programu ya bure ya Calibre husoma EPUB na huweza kubadili PDF ya maandishi kuwa EPUB, ila matokeo yake yakague, maana vichwa vya kurasa hupenda kujichomeka katikati ya sentensi.

Kwa PDF usiyoweza kuibadili, usiisome kwa kioo kilicholala. Kioo cha inchi 10.1 kina upana wa sentimita 22 hivi na kimo cha 13; ukikisimamisha wima, unapata takriban ukurasa wa riwaya. Katika Adobe Reader, bonyeza Ctrl, Shift na alama ya kujumlisha kwa pamoja ili ukurasa ulale kuelekea kulia, kisha Ctrl na L ili ujaze kioo chote. Sasa igeuze mashine yenyewe kuelekea kushoto na uishike kama kitabu kilichofunguliwa: kioo mkono wa kushoto, kibodi mkono wa kulia. Kurasa utazigeuza kwa vitufe vya mishale. Shika kingo tu, kwani kiganja kikilalia vitufe utajikuta sura tatu mbele bila kujua aliyekupeleka. Zipo pia njia za kugeuza kioo kizima badala ya ukurasa, lakini mimi sizipendi, kwa kuwa ukipeleka kidole juu, kishale hukimbilia pembeni.

Kwa wanaopanda ndege, betri ya akiba ya lithiamu haiwekwi kwenye mzigo unaokabidhiwa. Ibebe mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100, na saa-wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa saa-ampea: betri ya volti 10.8 na saa-ampea 4.4 ina takriban 47.5 tu.

Usiku, jirani akiwa amelala, badili rangi ili maandishi yawe meupe juu ya weusi. Hilo litampunguzia mwanga usoni, lakini halitakuokolea chaji, kwa sababu taa iliyo nyuma ya kioo cha LCD huendelea kuwaka vilevile. Kinachookoa chaji ni kupunguza mwangaza wenyewe na kuzima Wi-Fi.