Kulima bonde la Sabaki mafuriko yakishapungua

Mawingu ya Malindi hayakwambii lolote kuhusu Sabaki. Mto huu huanzia bara ukiitwa Athi, hupokea Tsavo iletayo maji ya upande wa Kilimanjaro na chemchemi za Mzima, ukawa Galana, kisha huku kwetu ndio Sabaki. Jua laweza kuwaka mjini wiki nzima na shamba lako la bondeni likazama kwa mvua ya juzi milimani. Mkulima wa hapa autazame mto kwanza.

Chomeka boriti ya mkoko pembeni mwa maji, ichonge alama kila sentimita 10, uisome asubuhi na jioni. Maji yakipanda na hapa hakujanyesha, tena yakaja mekundu yenye povu na vijiti, toa pampu na mipira siku hiyohiyo. Usingoje kesho.

Mto hujaa kwa mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba. Maji yakishuka, kwa kawaida Juni na Januari, ndipo pa kupanda. Lakini misimu hii miwili si sawa, na hapa ndipo wengi hupoteza mbegu. Mahindi ya PH4, mbegu chotara ya Pwani, huchukua karibu miezi minne. Ya Juni utayavuna kabla mto haujarudi. Ya Januari yatakutwa na masika yakiwa bado shambani. Kwa hiyo Januari sehemu za chini weka pojo au kunde, ambazo hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu, na mahindi yapeleke kwenye miinuko.

Usiingie na jembe tope likiwa bichi. Chimba kina cha kiganja, kamata udongo, ufinye uwe tonge, uliachilie kutoka kiunoni. Likisambaratika, panda. Likibaki zima na kung'aa palipogusa kidole gumba, ngoja siku mbili tatu ujaribu tena. Udongo huo ukilimwa mbichi hukauka kama matofali na mizizi haipenyi. Ukikuta nyufa zimeshaanza, umechelewa kidogo: panda jioni hiyo, kina kiongezeke kidogo mbegu ifikie unyevu.

Mafuriko mengine huacha mchanga mtupu badala ya tope. Chimba uone. Mchanga ukizidi urefu wa kiganja, usihangaike na mahindi. Panda viazi vitamu au matikiti. Tope jipya lina rutuba yake, basi pesa ya mbolea ya kupandia iweke kwanza, uone majani yanavyotoka.

Mahindi: sentimita 75 kati ya mistari, 30 kati ya mashimo, mbegu moja, kina cha sentimita 5. Pojo 45 kwa 15, kunde 60 kwa 20. Kuanzia wiki ya pili chungulia ndani ya moyo wa mahindi, katikati ya majani machanga, mara mbili kwa wiki. Ukiona kinyesi kama unga wa mbao uliolowa, kiwavijeshi yumo; mtoe umponde, na mayai yaliyoshikamana kwenye jani uyasugue kwa kidole. Akishakua huzama ndani, dawa haimfikii.

Walio karibu na mlango wa mto wana adui mwingine, chumvi. Mto ukipungua, maji ya bahari hupanda, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa sana. Onja kabla ya kuwasha pampu. Yakiwa na ladha ya chumvi, subiri maji yapwe au siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, maana kunde zikimwagiwa chumvi huungua ncha za majani, na udongo ukishaikusanya hutoka kwa shida.

Achia ukanda wa matete na miti ukingoni. Ukifyekwa, kingo humomonyoka na shamba huondoka kipande kwa kipande. Njia za viboko usizizibe kwa mazao. Hupita usiku kula, na shamba lililo njiani huliwa. Maji yachote kwa mpira wa pampu, au kwa ndoo yenye kamba ukiwa juu ya ukingo. Usiiname majini, hata pale unapopajua: mamba hujificha kwenye maji ya tope, na hutamwona.