Kitabu cha Picha kwa Mtoto Anayepanda Ndege kwa Mara ya Kwanza

Mjukuu wangu alikuwa na miaka miwili na miezi minane tulipompandisha ndege kwa mara ya kwanza, na kwa siku kumi kabla ya safari nilikuwa nikimsomea kila jioni kitabu kizuri cha picha alicholetewa na mjomba wake. Kitabu kile kilikuwa na ndege kubwa nyeupe, daraja lenye vioo linalowapeleka abiria moja kwa moja mlangoni, wahudumu wanaogawa juisi, na dirisha la duara lililojaa mawingu. Siku ilipofika tulitoka Ngamiani kwa bajaji hadi kiwanja cha ndege cha Tanga, tukapima mizigo, tukakaa kungoja, kisha tukaambiwa tutoke tutembee kwa miguu, juani, mpaka kwenye ndege ndogo yenye pangaboi moja puani. Mtoto alisimama katikati ya njia, akaitazama vizuri, akaniambia, "Bibi, siyo hii." Hakuwa akiogopa kuruka, alikuwa na hakika kwamba sisi watu wazima tumekosea ndege. Alipandishwa kwa kubebwa huku akilia na kunyoosha mkono kuelekea jengo tulilotoka, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu kitabu kile kilimwandaa kwa safari ya mtoto mwingine.

Tangu hapo nimewatengenezea vitabu vya namna hii watoto kadhaa wa nyumba yetu na wa majirani, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona yakifaa kwa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka minne.

Kwanza ni vyema kujua mtoto wa umri huo anaionaje picha. Mwaka 1998 Judy DeLoache, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu watoto wa Marekani na wa Kodivaa, na wakaonyesha kuwa mtoto wa miezi tisa akipewa picha ya kitu huikwaruza na kujaribu kukiokota kitu chenyewe kutoka kwenye karatasi, ilhali anapokaribia miezi 19 huwa ameacha kuokota na badala yake anaonyesha kwa kidole na kutaka kutaja jina. Kwa hiyo kumwandaa kwa kitabu mtoto wa miezi kumi ni kazi bure, na huyo anahitaji ziwa la mama na usingizi tu. Aliyekwisha kuanza kunyoosha kidole na kusema "paka" au "gari" ndiye aliye tayari. Hata hivyo mtoto huyo huchukua zaidi kutoka kwenye picha inayofanana na kitu halisi kuliko kwenye katuni. Ndege iliyochorwa ikiwa na macho na tabasamu itamchekesha, lakini hataitambua atakapoiona uwanjani, kwa kuwa ile ya uwanjani haitabasamu.

Ukikuta kitabu cha kununua, kikague kwa kuuliza swali moja tu: je, mambo yaliyomo yatamtokea mtoto huyu, kwenye kiwanja hiki, kwa mpangilio huu? Vitabu vingi vilivyopo madukani vimetungwa ughaibuni na vinaonyesha viwanja vikubwa. Havina ubaya kwa mtoto atakayepanda ndege katika jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Julius Nyerere, lililozinduliwa mwaka 2019, kwa maana pale daraja la kuingilia ndegeni atalikuta. Lakini anayetoka Tanga kwenda Pemba, Unguja au Dar es Salaam kwa ndege kama Cessna Caravan atakutana na mambo mengine kabisa: ndege yenye pangaboi mbele na bawa juu ya madirisha, ngazi fupi, viti visivyozidi kumi na vitatu au kumi na vinne, rubani anayeonekana mgongo wake safari nzima, na hakuna mhudumu wala juisi. Choo pia hamna. Jambo hili la choo peke yake linatosha kuharibu safari ya mtoto aliyetoka kuachishwa nepi mwezi uliopita, nalo sijaliona katika kitabu chochote cha duka.

Si lazima kukitupa kitabu cha duka. Unaweza kubandika picha yako juu ya ukurasa usiofaa, na ukurasa wa juisi ukauunganisha na wa jirani yake kwa gundi usifunguke. Mimi lakini naona ni rahisi zaidi kutengeneza kipya.

Vifaa vyote vinapatikana katika duka lolote la stesheneri: manila nene au ubavu wa boksi, gundi, na seluteipu pana. Kata kurasa za mraba zenye upande wa sentimeta 15 hivi, ili mikono midogo iweze kuzishika, na uviringe kila pembe kwa mkasi, maana kitabu hiki kitaingia mdomoni na machoni kabla hakijaingia kichwani. Usitumie pini za stepla. Toboa matundu mawili pembeni, ufunge kwa uzi mfupi wa katani, fundo likae nyuma. Ukiwa na nafasi, peleka kurasa zikafanyiwe laminesheni kabla ya kutoboa; kitabu kisichopitishwa huko hudumu siku nne, nami nimehesabu. Kurasa zisipungue nane wala zisizidi kumi na mbili, na kila ukurasa uwe na picha moja na sentensi moja.

Picha ziwe za mtoto mwenyewe na vitu vyake. Mpige picha akiwa amebeba mkoba wake, akipanda bajaji mlangoni kwenu, akiwa amekaa kwenye kiti na kufungwa mkanda wa gari, kisha uzipeleke studio zikasafishwe. Sehemu za kiwanja chenyewe, hasa penye ukaguzi, usizipige picha bila kuomba ruhusa ya wahusika. Zichore kwa mkono, hata kama huna kipaji. Mtoto anayejua sura ya mkoba wake atauamini mchoro wa mashine ya kukagulia mizigo ulio kwenye ukurasa unaofuata.

Sentensi ndizo zenye kazi kubwa, na hapa ningependa kukaa kidogo. Carol Gray, mwalimu wa Marekani ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kuwaandikia watoto wenye usonji hadithi fupi za kuwaeleza mambo watakayokutana nayo, alisisitiza kwamba sentensi za kueleza ziwe nyingi kuliko za kuamuru. Mkazo huo unawafaa watoto wote. Kitabu kinachosema "Usilie", "Usisimame", "Kaa kimya" ni orodha ya makatazo yenye picha, na mtoto atakichoka siku ya kwanza. Andika kinachotokea, kwa kauli yake mwenyewe. Katika kitabu nilichomtengenezea mjukuu wangu kwa safari ya pili, ukurasa wa tatu ulisema, "Mkoba wangu unaingia kwenye mashine," na wa nne ukasema, "Mkoba wangu umetoka." Kurasa hizi mbili ndizo alizozirudia kuliko zote. Alikuwa akifunua na kufunika, unaingia, umetoka, unaingia, umetoka, mpaka siku ya ukaguzi ilipofika akasimama upande wa pili wa mashine akiungoja mkoba wake kama mtu mwenye miadi. Kwa mtoto mdogo kunyang'anywa kitu ni msiba, na humsaidii kwa kumwambia "watakurudishia" wakati kitu kimekwisha kutoweka. Kurudishwa huko lazima awe amekuona mara ishirini kabla, kwa macho yake, kwa kufunua karatasi.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kungoja. Watu wazima tunaikumbuka safari kwa kuruka na kutua, lakini mtoto huishi zaidi saa ile ya kukaa kwenye kiti kigumu. Mpe kungoja nafasi yake: "Tunangoja." Ukurasa unaofuata, picha nyingine: "Tunangoja bado. Ninakula ndizi." Ukiona ni uvivu wa mwandishi kurudia, kumbuka kwamba uvivu huo ndio unaomfundisha.

Kisha weka ukurasa wa choo, kabla ya kuitwa kupanda. Weka ukurasa wa kutembea kwenda ndegeni, nao useme, "Ninashika mkono wa bibi," na katika mchoro huo njia ipitie mbali na pua ya ndege, kwa sababu karibu na pangaboi si mahali pa mtu yeyote, sembuse mtoto. Kelele nazo zitajwe waziwazi: "Pangaboi linazunguka. Linapiga kelele sana." Ndege hizi ndogo zina mngurumo unaoingia mpaka kifuani, na wanaokwenda na watoto wenye masikio mepesi huwabebea viziba masikio vya kichwani; kama mnavyo, vionekane kitabuni na vivaliwe nyumbani kwanza. Kuhusu kutikisika, niliandika, "Ndege inatikisika kama bajaji kwenye mashimo." Mtoto wa Tanga hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Ukurasa wa mkanda utegemee umri. Aliye chini ya miaka miwili kwa kawaida hupakatwa, na akishatimiza miwili hukalia kiti chake. Mama mmoja, jirani yetu, alimchorea mwanawe amepakatwa, kumbe safari iliangukia wiki moja baada ya siku ya kuzaliwa. Mtoto akadai mapaja yake kwa haki zote, akiwa na ushahidi wa maandishi mkononi.

Ukurasa wa masikio usiuruke. Hewa iliyo ndani ya sikio husawazishwa na ya nje kupitia mrija mwembamba unaoshuka nyuma ya koo, na mrija huo kwa mtoto mdogo ni mfinyu na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo huchelewa kufunguka, hasa ndege inaposhuka. Kumeza hufungua mrija. Hata ndege kubwa, ambazo hewa ya ndani yake hushindiliwa, husafiri na hewa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa hadi mita 2,400 hivi, na ndege ndogo haishindilii hewa kabisa, ingawa haiendi juu sana. Familia iliyowahi kupanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto inaijua hali hii, maana masikio huziba katika zile kona za kupanda mlima kabla hamjafika Soni. Andika basi: "Tunashuka. Masikio yanaziba. Ninakunywa maji." Kikombe kilichochorwa kiwe kilekile kitakachobebwa. Usiandike "haiumi", kwa kuwa huenda ikauma kidogo, na mtoto aliyekukamata katika uongo mmoja atatilia shaka hata ukurasa wa mkoba. Mwenye mafua makali au maumivu ya sikio apelekwe kwanza kwa daktari, kwa sababu hilo halitengenezwi na kitabu.

Ikiwa mtoto ataunganisha ndege Dar es Salaam kwenda nje ya nchi, tengeneza vitabu viwili vyenye majalada ya rangi tofauti, kimoja cha ndege ndogo na kingine cha ndege kubwa. Kukivuta kimoja kibebe safari zote mbili kutampoteza. Katika hicho cha pili onyesha chupa za vimiminika zikitolewa mkobani wakati wa ukaguzi, maana katika safari za kimataifa kikomo cha mililita 100 kwa chupa ni cha kawaida, ingawa maziwa ya mtoto huruhusiwa baada ya kukaguliwa.

Anza kusoma wiki moja hadi siku kumi kabla. Ukianza mwezi mzima mapema, mtoto atauliza kila asubuhi kama ni leo, na utajuta. Chagua saa moja isiyobadilika, ukae naye kifua kwa mgongo, umwache yeye afunue. Akitaka kurudia ukurasa mmoja mara sita, mrudie. Ukurasa anaourudia ndio unaomsumbua. Baada ya siku tatu nne, igizeni. Panga viti vya sebuleni viwili viwili, tumia mtandio au leso kuwa mkanda, pitisha mkoba chini ya meza kuwa ndiyo mashine, na babu awe rubani kama hana kazi. Mpangilio wa mchezo ufuate mpangilio wa kitabu. Kikitokea kitu kitabuni ambacho anakikataa kabisa, kama kelele, kicheze kwa muda mfupi na kwa sauti ya chini, kesho uongeze.

Siku ya safari kitabu kikae mkononi au kwenye mkoba mdogo, wala kisifungiwe katika begi linalopimwa na kuwekwa tumboni mwa ndege. Kila hatua inapofika, mfunulie ukurasa wake, asome mbele ya kitu chenyewe. Mambo yakibadilika, ndege ikachelewa au mkapandishwa nyingine, rudini kwenye ule ukurasa wa kungoja. Nami huacha ukurasa wa mwisho mtupu, na kalamu ndani ya mkoba. Safari ile ya pili, tulipotua Pemba, mjukuu wangu aliichukua kalamu akachora mviringo mmoja uliopinda na mstari mbele yake. Nikamuuliza ni nini. "Hii ndiyo," akasema, akakifunga kitabu.