Kabla tela halijatoka shambani

Wakati wa kulima dereva huwa peke yake na trekta inakwenda mwendo wa kobe. Balaa huanza kwenye mavuno: tela limejaa mahindi, jua linazama, na juu ya magunia wamepanda vibarua wanaowahi nyumbani.

Tuanze na breki. Tazama chini, kwenye mguu wa kulia wa dereva. Trekta nyingi zina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la nyuma la kulia, nyingine la kushoto. Shambani dereva huzitenganisha ili akikanyaga moja trekta igeuke papo hapo. Kazi ikiisha, anasahau kuziunganisha. Barabarani mbuzi anakatiza, dereva anakanyaga moja tu; gurudumu moja linashika, la pili linaendelea, na nyuma kuna magunia 40 ya kilo 100, yaani tani 4, yanasukuma. Trekta inalala ubavu. Kile kikomeo cha kuunganisha pedali kikipotea, fundi achonge kingine. Waya haufai.

Kwenye mteremko, tia gia ndogo ukiwa bado juu. Matela mengi hayana breki, kwa hiyo kinachoshika mzigo ni injini. Anayeteremka nyutro eti anabana dizeli ameacha tani zote hizo zimsukume.

Trekta ina kiti kimoja. Madigadi si kiti: utingo akiteleza pale, gurudumu kubwa la nyuma liko papo hapo. Juu ya magunia pia hapafai. Najua mtauliza nauli ya vibarua itoke wapi. Itoke palepale mnapotoa pesa ya magunia na kamba, tena ipangwe kabla ya kuvuna.

Kufunga tela nako kuna mazoea mabaya: utingo anasimama katikati huku trekta inarudi nyuma, pini mkononi. Asiingie mpaka dereva amesimama, ametia handbreki na kuzima injini. Magurudumu ya tela yawekewe mawe kwanza. Na pini iwe na klipu yake, si msumari uliopindwa.

Wenye foklifti ghalani, ile mashine ya kuinua mizigo, uma wake si ngazi ya kupandia rundo la magunia.

Tela lisilo na taa za nyuma likikutwa na giza, lilale shambani na mlinzi.