Mbele ya kufundisha batoto pasi za ragbi ya tagi

Mwalimu wa primeri mwenye anataka kuingiza ragbi ya tagi ku saa ya sport, hapa Goma anza na kiwanja, mpira utafuata. Viwanja vingi vya masomo yetu viko juu ya mawe ya volkano, na lile jiwe mtoto akiteleza kidogo tu linachana goti, njo maana minapenda hii ya tagi ju hakuna kuangushana, unanyanganya mwenzako kitambaa chenye amechomeka ku kiuno, njo tagi yenyewe, na basi. Okota mawe pamoja na batoto, chagua kipande safi hata kama ni kidogo, mita 10 kwa 10 inatosha kikundi kimoja cha pasi. Mwenye kambambili umuambie jana yake aje na viatu vya kufunga, kama hana mupe sifle, akuwe arbitre.

Mipira sasa. Badogo inaomba nambari 3, bale ba mwaka wa tano na wa sita nambari 4, ile ya bakubwa nambari 5 haienee ku mikono yao. Hesabu mpira moja kwa batoto bane ao batano. Batoto 60 na mpira moja, hiyo si somo, ni foleni. Ukikosa ya ragbi, chukua hata wa futi mudogo wa kuanzia, mikono itajifunza tu.

Tagi usihangaike, muombe fundi wa nguo mabaki ya kitenge ya rangi mbili, kata vipande vya sentimita 40 hivi, kila mtoto mbili, moja kila upande wa kiuno. Bachomeke tu, basifunge! Shati iingie ndani, na mwenye kuvaa jupe umufunge kamba ku kiuno juu ya kuchomeka tagi. Lakini siku ya kwanza kabisa mi naziacha ku biro, ju wakiziona hakuna tena mwenye atafikiri pasi.

Na hapo kwenye pasi njo kazi iko, batoto ba huku wote ni ba futi, mpira banautuma mbele, na ragbi haikubali: ku mikono mpira unaenda pembeni ao nyuma tu. Kwa hiyo chora mistari na majivu, upange bane kwa mushazari, kila mmoja hatua moja nyuma ya mwenzake, batembee kwanza, kukimbia ni kesho. Mwenye kupokea anyooshe mikono mbele ya mpira kufika, vidole wazi, upande wa mwenye kutuma. Mwenye kutuma amuangalie, asukume na mikono yote miwili kupita mbele ya tumbo, vidole bimalizie bikimuonyesha mwenzake. Akirusha juu ya kichwa kama basketi, simamisha palepale.

Siku ya tagi, bajue tayari: ukinyanganywa unasimama na unatoa pasi ndani ya sekunde 3, na mwenye alikunyanganya anakurudishia kitambaa chako mbele ya kuendelea kucheza.